Barua Iliyobandikwa kwa Ugali

Ufunguo wa sanduku la posta la kijiji chetu uko kwangu, huu ni mwaka wa pili, na watu wa Chimala wananicheka. Siondoki pale dirishani pa posta mpaka nimesoma mhuri wa kila bahasha, nimeigeuza mbele na nyuma, na kama ni yangu nimeifungua na kuisoma kutoka juu hadi chini, hata ikiwa ni upuuzi mtupu. Foleni nyuma yangu inaguna. Wacha igune. Wanaoguna hawajui ufunguo huu ulinifikiaje, na leo nitasema, kwa sababu aliyekuwa nao kabla yangu hatalisema jambo hili kamwe.

Alikuwa nao Mwalimu Apolonia, na ni yeye aliyenikabidhi. Yeye ni Mhehe, mzaliwa wa karibu na misheni ya Tosamaganga, kule Iringa kwenye baridi. Mumewe alikuwa dereva wa trekta, akamleta huku Usangu kwenye mashamba ya mpunga, kisha akafa kwa homa akamwachia joto, mbu na sisi. Asubuhi alifundisha watoto shule ya msingi. Jioni alifundisha kisomo mama zao na baba zao, wengi wetu Wasukuma tulioshuka kutoka Maswa na ng'ombe wetu, hatujui a wala be.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na watoto wanne. Siku ya kwanza nilishika penseli kama mwiko wa kusongea ugali, akaniambia mbele ya watu wote kwamba hapa hatupiki. Nilimchukia wiki nzima. Lakini baada ya miezi saba niliandika REGINA ubaoni, herufi sita, zote zimesimama, na yule mwanamke mkali akageuka kutazama nje ya dirisha ili tusione machozi yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsema vibaya mbele yangu akaondoka salama.

Mwaka 1976, mwezi wa tatu, alipata barua kutoka kwao. Mama yake, Paskalina, hakujua kusoma, kwa hiyo barua zake zote ziliandikwa na katekista wa huko, Liberatus Kalinga, kwa wino wa buluu na mwandiko uliolala vizuri. Barua ilisema jicho la kushoto la mama limeshakufa, na la kulia linamuuma na kufifia. Kuna daktari wa macho anayezunguka. Alipopita mara ya kwanza aliwaambia ukweli: akilipasua huenda likapona, huenda likazimika palepale, na asipolipasua litazimika lenyewe kabla ya mavuno. Atarudi, lakini haijulikani lini, labda baada ya wiki mbili, labda miezi miwili. Katekista alimwomba Apolonia asije bado. Siku ikijulikana ataandikiwa.

Mwalimu mkuu alikuwa amemkubalia ruhusa ya siku saba, si nane. Akizitumia mapema, mama atapasuliwa peke yake. Akichelewa, vivyo hivyo. Alikuwa hajamwona mama yake miaka mitatu. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye barua moja ya wino wa buluu, na kila Jumatano na Jumamosi alitembea saa mbili hadi Chimala kuitafuta. Nilipokuwa na nafasi nilimsindikiza. Alikuwa haongei njiani, anatembea kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Ni wakati huohuo zilipoanza kuja zile barua nyingine.

Sijui nani alizianzisha. Zilikuja kwa posta kama barua za watu wenye heshima zao, zina stempu na mhuri, ila hazikuwa na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na sala moja fupi, halafu maneno kwamba barua hii imeshazunguka dunia mara nne na mnyororo wake usikatwe. Wewe uliyeipokea inakili mara tisa, uwatumie watu tisa ndani ya siku tisa. Bwana mmoja wa Songea alitii, na mtoto wake aliyekuwa mahututi akaamka akaomba uji. Mama mmoja wa Tukuyu aliitupa, siku ya tisa akazikwa. Na kila aliyeinakili aliongeza mtu wake wa kuzikwa.

Watu wa mjini nadhani walizicheka. Sisi hatukuzicheka. Tulikuwa tumejua kusoma mwaka uliopita tu. Maandishi yote tuliyowahi kuyaona yalikuwa ya serikali, ya kanisa au ya ubaoni, na hayo hayakuwahi kututania. Hatukujua kwamba karatasi nayo inaweza kusema uongo. Tena tulikuwa na hamu ya kuandika. Tulifundishwa kwamba barua ni ya kujibiwa, na hii iliomba kujibiwa mara tisa.

Ya kwanza kufika kijijini ilikuwa yangu. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu kuja kwa jina langu. Siku ile mwanangu Budeba, wa miezi kumi, alikuwa anaungua kwa homa. Nilisoma habari za yule mtoto wa Songea, nikaona Mungu ameniandikia mimi. Siku tatu nilikaa chini nanakili, ulimi nje, na mtoto amelala kwenye ngozi pembeni yangu akizidi kulegea. Ngolo, mume wangu, alisema tumpeleke zahanati. Nilimwambia bado nakala mbili. Ndivyo nilivyomwambia, na hadi leo nikiyakumbuka maneno hayo mwili unanisisimka kwa aibu.

Mwalimu Apolonia ndiye aliyeingia akatukuta hivyo. Alimfunga Budeba mgongoni mwake, akaenda naye zahanati mbio, mimi nyuma, na mganga akasema tungechelewa kidogo tu angekuwa maiti. Budeba alipona kwa sindano. Zile nakala zangu tisa Mwalimu alizichukua zote. Nane alizitia kwenye jiko langu, mafiga matatu pale uani, na ya tisa akaitia kwenye kikapu chake ili aionyeshe darasani, tujue barua ya aina gani haijibiwi.

Na alitufundisha kweli. Sedekia, karani wa posta ndogo ya Chimala, alikuwa amempa utaratibu. Tazama mhuri uone imetoka wapi. Tafuta jina la mtumaji. Ifungue, isome kutoka juu hadi chini, na ukiona ni ya mnyororo usiinakili, usiijibu, usimpe mwenzako, ichome uendelee na kazi zako. Tuliimba maneno hayo darasani kama watoto wanavyoimba jedwali la kuzidisha. Mimi niliimba kwa sauti kuliko wote, kwa sababu zinazojulikana.

Lakini walioziandika hawakuwa darasani kwetu. Mwezi wa nne sanduku lilikuwa linajaa. Mtu akitafuta majina tisa ya kutumia barua, la kwanza linalomjia ni la mwalimu wake, na Mwalimu Apolonia alikuwa amefundisha watu wengi, kisha wakatawanyika. Zilimjia kutoka Rujewa, kutoka Ilomba kule Mbeya, hata kutoka Iringa. Zote kwa penseli, zote kwa herufi kubwa, kwa kuwa sote tulijifunza kwa kitabu kilekile na miandiko yetu ilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kila alipofungua sanduku akalikuta limejaa, uso wake uling'aa. Kisha alichambua haraka haraka, moja baada ya nyingine, mpaka mikono ikawa mitupu. Hakuna wino wa buluu. Nilimwona akirudia kuchambua zilezile mara ya pili, kana kwamba wino ungeweza kujificha.

Jumatano moja mvua ilitunyeshea njia nzima. Sandukuni mlikuwa na bahasha kumi na moja, zote za penseli. Sedekia aliuona uso wake kupitia dirishani, akasema kwa upole:

"Mwalimu, zifungue hata hivyo. Fungua kwanza, ndipo uchome."

Alimjibu kwamba tangu mwezi wa tatu amefungua thelathini na nane na amezikwa mara thelathini na nane, na hana nguvu ya kuzikwa tena. Akazitia zote kikapuni bila kutazama mhuri hata mmoja. Aliyetufundisha tutazame mhuri ni yeye.

Tulifika kwangu tumelowa. Nilikuwa na moto uani chini ya kibanda, na Mwalimu aliketi kwenye kigoda akaanza kuziunguza. Mimi nilikuwa nampokeza. Alizitupa kwa hasira, kila moja kwa nguvu zake. Alisema hawa watu wanamzibia njia. Alisema siku moja barua ya mama yake itafika na kukosa mahali pa kulala kwa sababu ya takataka hizi.

Ya saba niliishika kidogo. Nyingine zote ziliandikwa MWALIMU APOLONIA, maana huku hakuna anayethubutu kumwita jina tupu. Hii iliandikwa APOLONIA, basi. Herufi zake zilikuwa kubwa kuliko za wengine na zilikuwa zimepanda mlima. Bahasha ilibandikwa kwa ugali, ukoko wake mweupe bado unaonekana pembeni. Niliona. Nasema wazi kwamba niliona, na nikajiuliza ni nani huyu anayemwita mtu mzima jina tupu. Lakini mimi ndiye niliyenakili mara tisa mbele ya mtoto anayekufa. Nilikuwa mtu wa mwisho kijijini mwenye haki ya kumwambia yule mwanamke afungue barua. Nikampa. Akaitupa motoni kama nyingine, na ule ugali ulinukia kidogo ulipoungua.

Wino wa buluu ulifika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ulikuwa peke yake sandukuni, hata zile takataka siku hiyo hazikuja. Mwalimu aliipasua bahasha palepale. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena, halafu akanikabidhi karatasi kwa sababu hakuweza kuisema kwa mdomo. Niliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama alivyonifundisha.

Liberatus aliandika kwamba mama amepasuliwa Jumanne na jicho halikupona. Sasa haoni kabisa. Kisha aliuliza, kwa heshima, kwa nini Apolonia hakufika. Alisema mama amekuwa akisoma kisomo kwa siri mwaka mzima, kwa jicho moja, ili amshangaze binti yake aliye mwalimu. Siku ya daktari ilipojulikana, yeye Liberatus alishika kalamu aandike, mama akamkatalia. Alisema hii ataiandika mwenyewe. Ilimchukua siku nane. Hakukubali mtu aisome wala aiguse, hata gundi hakungoja aletewe, akaibandika kwa ugali wa mchana na kumpa dereva wa misheni aipeleke posta. Barua ya katekista iliishia na swali kama Mwalimu aliipata.

Nilihesabu kwa vidole. Siku ile tulipoichoma, Jumanne ilikuwa bado siku sita. Iringa ni mwendo wa siku moja.

Mwalimu aliketi chini pale barazani pa posta, kwenye tope la viatu vya watu. Sedekia alitoka, akasimama karibu yake, akarudi ndani. La kusema alikuwa ameshalisema. Nikamwambia Mwalimu kwamba niliiona, kwamba iliandikwa jina lake tupu, kwamba nilijua si kama nyingine na nikanyamaza. Nilitaka anipige. Aliniuliza tu ilikuwa ya ngapi. Nikasema ya saba. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesahihishiwa hesabu.

Siku saba za ruhusa alizozitunza zilianza Jumatatu yake. Nilienda naye, kwa sababu Ngolo alisema mtu yule asiachwe peke yake ndani ya basi. Njia nzima hakula. Tulipofika Makambako aliniuliza ile bahasha ilikuwaje, nikamweleza. Mafinga akaniuliza tena. Alitaka kujua herufi zilipanda mlima kiasi gani, na kama P ilikuwa imegeuka, kwa sababu wanaoanza huigeuza. Nilisema sikumbuki. Akalia kwa ajili ya ile P, watu wa viti vya mbele wakageuka kututazama, nami nikawakazia macho mpaka wakarudisha shingo zao.

Mama Paskalina tulimkuta wodini, hospitali ya misheni, ameketi kitandani, mwembamba, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kimezungushwa machoni. Apolonia alisema kamwene, na yule mama akageuza kichwa kwa haraka kuelekea sauti. Waliamkiana kwa Kihehe kwa muda mrefu, mambo ambayo sikuyaelewa. Kisha mama akabadili kuwa Kiswahili, kwa makusudi, ili wanawake wa vitanda vya jirani wasikie.

"Umekuja nayo barua yangu?" aliuliza. "Hawa hawaamini. Wanasema naota. Isome kwa nguvu."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mwalimu alinitazama, na sijawahi kuona macho ya namna ile kwa mtu mzima. Kisha akatia mkono kikapuni akatoa karatasi iliyokunjwa. Alipoikunjua niliutambua mwandiko wangu. Ilikuwa ile nakala ya tisa, sala na Songea na Tukuyu. Aliikunjua karibu na sikio la mama yake ili mama asikie karatasi inavyolia, akaanza kusoma maneno ambayo hayakuwemo.

"Mwanangu mpendwa Apolonia. Baada ya salamu nyingi, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho..."

Alikwama hapo. Ndivyo alivyotufundisha sote kuanza barua, ndivyo kila mtu anavyoanza, na mdomo wake ulienda wenyewe kwenye njia inayoijua.

"Hiyo si yangu," mama alisema. "Hiyo ni barua ya shule. Mimi sikuwa na maneno mengi hivyo."

"Mama, niliichoma," Apolonia alisema. "Sikuifungua. Nilidhani ni ya watu wengine."

Mwanamke wa kitanda cha pili alijigeuza akatazama ukuta. Mimi nilitaka kusema kwamba niliiona, kwamba mwenye kosa ni mimi, lakini nadhani haikuwa zamu yangu.

"Yalikuwa machache," mama alisema mwishowe. "Nimekaa nayo siku nane, nayajua. Niliandika hivi. Apolonia. Jumanne wananipasua jicho. Njoo kabla nikuone. Mimi Paskalina."

Njoo nikuone. Sisi sote husema hivyo kutwa nzima, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya umbea, kwa mtu anayepita tu barabarani. Yule mama alikuwa ameliandika neno kwa maana yake yenyewe. Mwalimu Apolonia alipiga magoti sakafuni, akaweka uso wake kwenye blanketi.

Mama hakumgusa. Hakuwa amekasirika, nadhani, alikuwa bado anafikiria jinsi ya kuipata haja yake. Akageuza kichwa upande wangu.

"Na wewe uliyekuja naye, nani?"

Nikamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, nikasema mimi ni Regina, mwanafunzi wake wa kisomo.

"Unaona vizuri?"

Nikasema naona.

"Basi nisomee," akasema. "Yukoje?"

Nilimwomba Mwalimu ainue uso, akainua. Nikaanza. Nilisema amekonda, mifupa ya mabega inaonekana. Nilisema amevaa kitambaa cha kijani kichwani na kimefifia kwa jua la Usangu. Mama aliuliza kama ana mvi. Nikasema anazo upande wa kushoto, juu ya sikio, kama kiasi cha kiganja cha mtoto. Akauliza kama lile kovu la kidevuni bado lipo, la siku aliyoanguka na mtungi. Nilisogea karibu nikatazama. Lilikuwepo, ila lilikuwa limelowa.

"Analia?"

"Analia, mayu."

"Endelea," alisema. "Usiruke kitu."

Nikaendelea, kutoka juu hadi chini, mpaka nesi alipokuja kutuambia kwamba muda wa wageni umekwisha.